Mgeni Mlangoni mwa Chuo

Simu ililia saa nne na nusu usiku, wakati nimekwisha kufunga madirisha na kuzima taa ya barazani. Alikuwa mdogo wangu wa kike anayeishi Minnesota, Marekani, ambako ilikuwa bado mchana. Baada ya salamu na kuulizana habari za nyumbani, mtu mmoja mmoja, aliniambia kwamba binti yake ana jambo la kuniuliza, akampa simu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Binti huyu alikuwa katika mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Alikuwa amekwisha kuchagua chuo alichokitaka kuliko vyote: chuo kikuu cha umma chenye sifa kubwa, kilichoko katika jimbo jingine, mwendo wa siku mbili kwa gari kutoka kwao. Alama zake zilikuwa za juu, walimu wake walimsifu, na bado usingizi ulikuwa ukimpaa. Swali lake lilikuwa fupi. Alitaka kujua kama ana nafasi kweli, au anajisumbua bure.

Nimefundisha historia kwa miaka 30 katika shule za sekondari za hapa nchini Tanzania. Ukimwuliza mwalimu wa historia habari za kesho, atakimbilia habari za jana, kwa kuwa hana chombo kingine. Basi nilimwomba anipe wiki mbili. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyapata na kumweleza, pamoja na yale niliyojifunza mwenyewe njiani.

Jambo lenyewe halikuwa geni kwangu. Wasomaji wa rika langu watakumbuka jinsi nafasi za kidato cha kwanza katika shule za serikali zilivyogawanywa kwa mikoa na wilaya katika miaka ya 1970 na 1980. Mtoto wa wilaya yenye shule nyingi aliweza kupata alama ambazo zingempeleka sekondari kama angezaliwa wilaya nyingine, lakini akabaki nyumbani. Serikali ilikuwa na sababu yake. Bila mgawo ule, nafasi chache zilizokuwapo zingeishia katika sehemu chache zilizotangulia kupata shule za misheni. Sababu ilikuwa nzuri, na machozi ya waliobaki yalikuwa ya kweli. Nilimwona mzazi mmoja akimhamishia mwanawe kwa shangazi yake, wilaya ya jirani, ili akafanyie mtihani huko. Sikumsifu, wala sikuweza kumlaumu. Tangu hapo nilijua kwamba mtihani humpima mtoto, lakini mgawo hupima mahali alikotoka, na vipimo hivyo viwili havisemi jambo moja.

Marekani nako wana mgawo wao, na asili yake ni ya zamani. Vyuo vikuu vya umma vya nchi ile ni mali ya majimbo, si ya serikali kuu. Kile cha Carolina Kaskazini kilipewa hati mwaka 1789 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1795. Vingi vingine vilizaliwa au vilipata nguvu kutokana na sheria iliyotungwa kwa juhudi za Justin Morrill, mbunge wa Vermont. Rais Buchanan aliikataa mwaka 1859, na Rais Lincoln akaitia saini tarehe 2 Julai 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto. Sheria hiyo ililipa kila jimbo ekari 30,000 za ardhi kwa kila seneta na kila mjumbe wa Baraza la Wawakilishi aliyekuwa naye huko Washington. Ardhi iuzwe, fedha ziwekwe, na faida yake igharimie chuo cha kufundisha kilimo na ufundi, bila kuyaacha masomo mengine.

Hivyo ndivyo ilivyojengeka fikra kwamba chuo ni cha watu wa jimbo. Baba analipa kodi, kodi inalisha chuo, mwana anasoma kwa ada ndogo au bila ada kabisa. Anayetoka jimbo jingine, baba yake hakuchangia chungu hiki. Basi na alipe zaidi, na asubiri wenyeji wapakue kwanza. Hoja hii ina haki ndani yake, nami sina ugomvi nayo.

Hata hivyo, mwalimu wa historia hawezi kupita hapo bila kuuliza ardhi ile ilitoka wapi. Ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa makabila ya wenyeji asilia wa Marekani, mara nyingi kwa mikataba ya kulazimishwa, na mara nyingine bila mkataba wowote. Isitoshe, majimbo ya mashariki hayakuwa na ardhi ya serikali kuu ndani ya mipaka yao. Hayo yalipewa hati za kuuzwa, na wanunuzi wakachagua ardhi magharibi. Jimbo la New York lilipata hati za ekari 989,920. Ezra Cornell alizinunua nyingi kati ya hizo, akachagua misitu ya misonobari huko Wisconsin, na fedha za misitu ile ndizo zilizokikuza chuo kinachoitwa kwa jina lake. Msomaji ataona kichekesho kilichomo. Vyuo ambavyo baadaye viliuliza kila mtoto ametoka jimbo gani, vingine vilijengwa kwa mali iliyotoka jimbo jingine, na mwenyeji wa asili hakuitwa mezani.

Nilipomweleza mpwa wangu habari hizo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, Mjomba. Lakini nafasi yangu ni ngapi?"

Alikuwa na haki ya kunirudisha kwenye swali. Basi tukaingia katika hesabu. Kosa la kwanza alilolifanya, na wengi hulifanya, lilikuwa kusoma tarakimu moja tu: kati ya waombaji mia, chuo hukubali wangapi. Tarakimu hiyo huchanganya wenyeji na wageni katika kapu moja. Tuseme chuo kina nafasi 100, na 82 kati ya hizo ni za wakazi. Wakazi 200 wanaomba, na wageni 300 wanaomba. Kwa jumla, waombaji 500 wanagombea nafasi 100, yaani 1 kati ya 5. Lakini ukitenganisha, mkazi ana nafasi 41 katika 100, na mgeni ana nafasi 6 tu katika 100. Mlango unaoonekana mmoja ni milango miwili, na mmoja wao ni mwembamba sana.

Mgawo huo wa 82 na 18 sikuutoa hewani. Mwaka 1986 baraza linalosimamia vyuo vya umma vya Carolina Kaskazini liliamua kwamba wanafunzi wapya kutoka nje ya jimbo wasizidi 18 katika kila 100. Kikomo hicho kimelegezwa kwa baadhi ya vyuo vya jimbo hilo, hasa mwaka 2021 kwa vyuo vilivyoasisiwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi, lakini uamuzi ule haukukilegeza kwa kile cha Chapel Hill. Matokeo yake, katika miaka ya karibuni wakazi wanaokubaliwa Chapel Hill wamekuwa takriban 2 katika kila 5 wanaoomba, na wageni hawafikii 1 katika 10. Texas nayo, kwa sheria ya mwaka 1997, iliahidi nafasi katika vyuo vyake vya umma kwa kila mtoto wa jimbo aliyemo katika sehemu ya kumi ya juu ya darasa lake. Chuo cha Austin kilizidiwa na wingi wao kiasi kwamba mwaka 2009 sheria ilibidi kupunguzwa makali. Mgeni hana ahadi ya namna hiyo. Yeye hugombea yaliyosalia.

Hapo mpwa wangu alivunjika moyo, nami nilimwambia asifunge daftari bado, kwa kuwa nilikuwa nimesoma habari za California.

Chuo Kikuu cha California kiliundwa mwaka 1868, na kwa muda mrefu kilijivunia kutowatoza wakazi ada ya masomo. Mpango mkuu wa elimu wa mwaka 1960 uliahidi kwamba sehemu moja ya nane ya wahitimu bora wa sekondari za jimbo watapata nafasi humo. Ilikuwa ahadi ya wenyeji kwa wenyeji. Kisha uchumi ukaporomoka mwaka 2008, fedha za jimbo zikapungua, na vyuo vikagundua kwamba mgeni analipa mara mbili na zaidi ya mkazi. Ghafla mgeni akawa mtu wa kutafutwa. Mwezi Machi 2016 mkaguzi wa jimbo alitoa ripoti iliyosema kwamba katika miaka mitatu wageni karibu 16,000 walikubaliwa wakiwa na alama zilizo chini ya zile za nusu ya wakazi waliokubaliwa. Uongozi wa chuo ulipinga ripoti hiyo, ukisema fedha za wageni ndizo zilizosaidia kusomesha wakazi zaidi. Wazazi walikasirika, wabunge wakakasirika, na mwaka 2017 baraza la chuo likaweka kikomo cha 18 katika 100 kwa matawi mengi. Matawi yaliyokuwa yamekwisha kukivuka, kama Berkeley na Los Angeles, yaliambiwa yasiongeze. Mwaka 2021 jimbo likakubali kulipa fedha ili hayo nayo yashushe idadi ya wageni.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumezoea kuitamka kwa furaha, tukimaanisha kwamba ujio wa mgeni huleta neema nyumbani. Lakini isikilize tena, msomaji, kwa sikio la mgeni mwenyewe. Inasema kwamba anapokelewa vizuri kwa sababu mwenyeji ana ugonjwa ambao yeye anaweza kuuponya. Siku mwenyeji akiwa mzima, mapokezi hubadilika. Mtoto yuleyule mwenye alama zilezile angeweza kukubaliwa California mwaka 2012 na kukataliwa mwaka 2018, bila yeye kuwa amepungua akili hata chembe.

Ukiielewa hiyo, utaelewa pia kwa nini milango mingine iko wazi. Vermont ni jimbo dogo lenye vijana wachache, na fedha zinazotolewa na jimbo kwa chuo chake ni kidogo. Wengi wa wanafunzi wake hutoka nje. Alabama ilitafuta wageni kwa bidii na kuwapa misaada ya masomo wenye alama nzuri, hata wakawa zaidi ya nusu ya wanafunzi wapya. Kabla ya mgeni kujipima yeye, na ampime kwanza mwenyeji: nyumba hii ni ya nani, chungu kinachemshwa kwa kuni za nani, na leo wamepungukiwa na nini.

Mpwa wangu aliniuliza kama basi vyuo vya watu binafsi, visivyo mali ya jimbo lolote, humpima mtoto kwa akili yake tu. Nilitamani kumjibu ndiyo. Historia haikuniruhusu.

Katika miaka ya 1920 Harvard ilikuwa na wanafunzi wengi wa Kiyahudi, wengi wao watoto wa wahamiaji wa miji ya mashariki, waliofaulu mitihani ya kuingia. Mwaka 1922 walikuwa zaidi ya 1 katika kila 5 ya wanafunzi wapya. Mkuu wa chuo, Abbott Lawrence Lowell, alitaka wawekewe kikomo. Walimu walikataa kikomo cha wazi. Lakini fomu za maombi zilikuwa zimekwisha kuanza kuuliza rangi, dini, jina la ukoo wa mama, mahali alipozaliwa baba, na kama familia imewahi kubadili jina. Mwaka 1923 ikakubaliwa kwamba wavulana walio katika sehemu ya saba ya juu ya darasa lao waweze kuingia bila mtihani, na lengo lilikuwa kuwavuta vijana wa kusini na magharibi, ambako Wayahudi walikuwa wachache. Hilo halikutosha kupunguza idadi, na mwaka 1926 chuo kikaanza kutilia mkazo tabia na haiba ya mwombaji, vitu ambavyo havina alama na hivyo havina rufaa.

Kwa hiyo, kijana wa shamba la mbali aliyefunguliwa mlango wa Harvard katika miaka ile hakujua kwamba amefunguliwa ili mwingine afungiwe. Hakufanya kosa lolote. Pengine alikuwa kijana mwenye akili sana. Tena si kila aliyetafuta watoto wa mbali alikuwa na nia hiyo: James Bryant Conant, aliyemfuata Lowell, alianzisha mwaka 1934 misaada ya masomo kwa vijana wa majimbo ya kati wasio na uwezo, akitaka akili zitafutwe popote zilipo. Mila moja ya kupenda mwanafunzi wa mbali ina mizizi miwili, mmoja mtamu na mmoja mchungu, na mti ni uleule. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi zilizohusu Harvard na chuo cha Chapel Hill, ilizuia rangi ya mwombaji kutumiwa kama kigezo katika uchaguzi. Swali la jimbo alikotoka halikuwa mbele yake, na limebaki lilivyokuwa.

Siku chache baadaye mdogo wangu alinipigia peke yake, sauti ya chini. Alikuwa amepata wazo. Katika jimbo lile la chuo alichokitaka binti kulikuwa na ndugu wa mumewe. Je, wakitumia anwani ya ndugu huyo, binti asihesabiwe mkazi? Ada ingepungua kwa zaidi ya nusu, na mlango ungepanuka. "Kaka," aliniambia, "wengi wanafanya." Yeye ni mhudumu wa wazee, anafanya zamu za usiku, na nilijua kila dola ile ingetoka mgongoni mwake. Nikamkumbuka yule mzazi na shangazi wa wilaya ya jirani.

Nilimweleza kwa upole kile nilichokuwa nimekisoma. Mwaka 1971 Mahakama Kuu iliafiki sharti la Minnesota, jimbo analoishi yeye mwenyewe, kwamba mtu akae mwaka mzima kabla ya kuhesabiwa mkazi kwa ajili ya ada. Mwaka 1973, katika kesi ya Vlandis dhidi ya Kline, mahakama hiyohiyo iliikataa sheria ya Connecticut iliyomwita mwanafunzi mgeni hadi mwisho wa masomo yake, eti kwa sababu alikuwa nje ya jimbo alipoomba nafasi. Mlalamikaji mmoja alikuwa mwanamke aliyeolewa na mkazi wa Connecticut, akahamia huko, akapata leseni ya udereva na kujiandikisha kupiga kura. Mahakama ilisema jimbo lina haki ya kuwatoza wageni zaidi, lakini halina haki ya kumfungia mtu katika ugeni bila kumpa nafasi ya kuonyesha kwamba makazi yake sasa ni hapo. Maana yake ni kwamba ukazi ni maisha, si karatasi. Mtu huwa mwenyeji kwa kuishi, kufanya kazi, kulipa kodi na kukusudia kubaki. Mtoto anayetunzwa na wazazi wake kwa kawaida huhesabiwa mkazi wa kwao, na anwani ya baba mdogo haimgeuzi. Ikigundulika, atapoteza nafasi na heshima pamoja.

"Na isipogundulika?" aliniuliza.

Nilimwambia kwamba hilo siwezi kulijibu kama mwalimu wa historia, ila kama kaka yake: binti huyu amesoma usiku na mchana ili jina lake liwe safi, tusiwe sisi wa kulichafua mlangoni. Alinyamaza, kisha akasema, "Haya, Kaka." Hatukulirudia tena.

Mwisho wa yote nilimpa mpwa wangu jibu lake. Nilimwambia kwamba kwa chuo kile, kama mgeni, na aihesabu nafasi yake kuwa chini ya 1 katika 10, hata kwa alama zake nzuri, kwa kuwa wageni wengi wanaoomba nao wana alama nzuri. Aombe, kwa sababu asiyeomba ana nafasi 0. Lakini aombe pia mahali ambapo mgeni anatakiwa, na zaidi ya yote aombe kwao, ambako mlango mpana ni wake kwa haki. Na barua ya kukataliwa ikija, asiisome kama cheti cha akili yake. Chuo hakitakuwa kimesema yeye ni nani. Kitakuwa kimesema kinahitaji nini mwaka huu.

Barua ilikuja mwezi Machi, ya kukataliwa. Mama yake alilia. Yeye, naambiwa, alikaa chumbani jioni nzima, kesho yake akaenda shule kama kawaida. Sitasema kwamba maneno yangu yalimwondolea uchungu. Kumweleza mtu sababu ya mlango kufungwa si kumfungulia mlango.

Leo anasoma katika chuo cha jimbo lao. Majuzi alinipigia simu akaniambia kwamba msichana anayeishi naye chumba kimoja ametoka jimbo la mbali, na ada anayolipa ni zaidi ya mara mbili ya ile yake. Msichana huyo alimwuliza mambo mengi siku ya kwanza: maktaba iko wapi, basi la mjini linapita saa ngapi, baridi ya huku inavaliwa nini.

"Mjomba," aliniambia akicheka, "hapa mimi ndiye mwenyeji."

Babu yake alikuwa mkulima wa minazi huko Pangani. Baba na mama yake walishuka kwenye ndege Minnesota wakiwa hawana koti la baridi. Nilimwambia basi amwonyeshe mgeni wake njia ya kwenda maktaba, wala asimwulize ametoka wapi mpaka awe amekwisha kumkaribisha.